RANGI YA MILANGO NA MADIRISHA YA NDANI

Twaona yafaa leo kueleza habari ya rangi ya mbao za ndani ya nyumba, yaani milango na miimo yake, fremu za madirisha, na ubao ule mwembamba upigiliwao chini ya ukuta kuzunguka chumba. Shule nyingi, zahanati na nyumba za baraza huko mashambani hujengwa kwa fedha zilizochangwa na wenyeji, na rangi ndiyo inunuliwayo mwisho, wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi. Hapo kamati hununua kopo lo lote lililo rahisi, na brashi hupewa mtu ye yote aliye na nafasi. Ukuta huweza kustahimili mambo hayo, kwa kuwa una mikwaruzo yake na jicho halidumu juu yake. Mlango hauwezi. Mlango hushikwa kwa mikono mara nyingi kila siku, tena mtu huutazama kwa karibu, na kila mstari wa brashi, kila chembe ya mchanga na kila chozi la rangi huonekana waziwazi.

Wengi hudhani ya kuwa ulaini wa rangi hutoka katika mkono wa fundi peke yake. Mkono una sehemu yake, walakini sehemu kubwa hutoka katika rangi yenyewe, na neno la kwanza la kuangalia ni muda ambao rangi hukaa mbichi juu ya ubao. Brashi yo yote, hata iliyo njema, huacha matuta na mifereji midogo kama jembe liachavyo matuta shambani. Rangi ikiwa bado majimaji, uso wake hujivuta wenyewe, kama uso wa maji uvutavyo tone liwe mviringo. Matuta hushuka, mifereji hujaa, na uso huwa sawa. Ikiwa rangi itakauka kabla ya kazi hiyo kwisha, matuta hubaki pale pale, wala hapana ustadi uwezao kuyaondoa ila msasa.

Wenye elimu ya vitu vya majimaji wamelitia jambo hili katika hesabu, nayo ni hesabu nyepesi ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Umbali wa tuta hata tuta ukipunguzwa nusu, rangi hujisawazisha upesi zaidi mara 2×2×2×2, yaani mara 16. Unene wa tabaka ukizidishwa mara 2, upesi huongezeka 2×2×2, yaani mara 8. Bali uzito wa rangi ukipunguzwa nusu, upesi huongezeka mara 2 tu. Haya yatuonyesha kosa la mafundi wengi. Rangi ikiacha mistari, fundi hukimbilia kuizimua kwa thina, akapata faida ya mara 2. Na kwa kuwa rangi iliyozimuliwa hukaa nyembamba mno, hupoteza zaidi ya ile aliyoipata. Afadhali angalibadili brashi. Brashi yenye nywele nyembamba zilizosongamana huacha matuta yaliyokaribiana sana, na hayo ndiyo yatowekayo upesi.

Kwa upande mwingine, tabaka nene lina hatari yake, maana mlango husimama wima. Rangi ikizidi hushuka kwa uzito wake na kufanya machozi, hasa kwenye pembe na chini ya vitasa. Basi fundi hana budi kupita njia ya katikati, na rangi bora ni ile iliyotengenezwa ili itulie mahali pake na kujisawazisha kabla haijashikana.

Sasa tuje kwenye aina za rangi. Madukani ziko aina mbili kubwa, rangi ya mafuta na rangi ya maji, na tofauti yake si harufu tu. Rangi ya mafuta ya zamani ilitengenezwa kwa mafuta ya kitani, yaani mafuta yakamuliwayo katika mbegu za mmea utoao nyuzi za kitani. Tangu miaka ya 1920 viwanda vimeendelea kuunganisha mafuta ya namna hiyo na utomvu uliotengenezwa kwa ufundi wa kemia, uitwao alkidi. Rangi ya namna hii hukauka kwa hatua mbili: kwanza thina hupaa hewani, kisha mafuta yenyewe huvuta oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Hatua ya pili huenda polepole. Kwa hiyo fundi hupata dakika nyingi za kutengeneza kazi yake, na rangi hupata muda wa kujisawazisha. Kwa kawaida haishikani mkononi baada ya saa 4 hata 6, na tabaka la pili hupakwa siku ya pili yake.

Rangi ya maji hukauka kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake mna chembe ndogo sana za utomvu, mara nyingi akriliki, zilizotawanyika katika maji. Maji yakiondoka, chembe hukaribiana, hubanana, na kuungana. Huko Ulaya penye baridi jambo hili huchukua saa nzima. Hapa kwetu wakati wa kiangazi, mlango ukiwa na joto, uso huanza kushikana kabla fundi hajamaliza ubao mmoja. Akirudisha brashi pale alipokwisha kupaka, huvuta ngozi ambayo imeanza kufanyika, na huacha mikwaruzo mibaya kuliko ile aliyotaka kuiondoa. Rangi ya maji ya ukutani, ile iuzwayo katika ndoo za lita 20, haifai kabisa kwa milango. Hainawi vizuri, hushika uchafu wa mikono, na mahali mlango unapogusana na miimo yake nyuso mbili hushikamana, hata mlango ukifunguliwa hutoa sauti kama plasta ivuliwayo kidondani, na huacha kipande cha rangi upande mmoja.

Kwa hiyo twashauri kwamba kwa milango na madirisha ya ndani, mahali penye joto na fundi wa kawaida, ichaguliwe rangi ya mafuta yenye alkidi. Hata hivyo haifai kuificha aibu yake. Iliyo nyeupe hugeuka manjano mahali pasipofika mwanga, kama nyuma ya kabati au ndani ya stoo, na mlango ufunikwao na pazia hubadilika kabla ya ule uangaliao dirisha. Mtu apendaye weupe wa kudumu ama achague rangi ya maziwa tangu mwanzo, ambayo haitaonyesha mabadiliko, ama anunue ile rangi ya namna ya tatu iliyotokea baadaye: alkidi iliyotawanywa katika maji. Hii huoshwa kwa maji, haina harufu kali, hukaa mbichi muda mrefu kuliko akriliki ya kawaida, na weupe wake hudumu zaidi. Bei yake ni kubwa, tena haipatikani katika kila duka la wilaya. Kwa wodi ya wagonjwa au chumba cha watoto wachanga, ambapo moshi wa thina ni taabu kwa watu, twaona gharama hiyo ina haki yake.

Juu ya mng'ao, watu wengi hupenda mlango ung'aao kama kioo. Mng'ao mkali hunawika vizuri, lakini hutangaza kila kasoro iliyo chini yake. Shimo la msumari lililozibwa vibaya huonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Rangi isiyong'aa huficha kasoro, ila haistahimili kusuguliwa. Kwa shule na ofisi, mng'ao wa kadiri ndio ufaao. Mng'ao mkali na uachiwe nyumba ambayo seremala wake alikuwa stadi kweli.

Hata rangi njema haiwezi kuwa laini juu ya ubao usio laini, na ubao una tabia zake. Mbao za paini na saipresi, ambazo ndizo zitumiwazo sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, zina macho yatoayo utomvu. Utomvu huo hupenya rangi na kufanya mabaka ya hudhurungi, pengine baada ya miezi mingi. Dawa yake ni kupaka macho yale kwa shelaki kabla ya rangi ya kwanza. Shelaki ni utomvu utolewao na wadudu wadogo wa India na nchi za karibu nayo, ukayeyushwa katika spiriti. Mvule una taabu nyingine: ndani ya mti huo mna vitu vizuiavyo mafuta yasivute hewa, na rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja juu yake huweza kukaa ikinata siku nyingi. Huo pia hutaka kuzibwa kwa shelaki kwanza. Na mninga? Sisi twasema mtu apakaye rangi juu ya mninga amenunua kanzu ya hariri akaivalia gunia juu yake. Upewe vanishi au mafuta, uonekane.

Mti wo wote uwe mkavu barabara. Ubao uliotoka msumenoni juzi una maji ndani yake, na maji hayo hutafuta njia ya kutoka. Yakikuta rangi, huisukuma ikavimba na kubanduka. Kisha upigwe msasa kwa kufuata nyuzi za mti, kwanza namba 120, halafu namba 180. Mashimo yazibwe kwa puti, na puti ikikauka ipigwe msasa tena. Rangi ya kwanza ya mbao, ile mafundi waiitayo praima, haitafutwi uzuri. Kazi yake ni kuziba vitundu vya mti ili rangi za juu zisinywewe. Ni lazima tueleze sababu, maana wengi huiacha ili kupunguza gharama: rangi ya juu ikinyonywa na mti hupoteza majimaji yake upesi, hukosa muda wa kujisawazisha, na mistari ya brashi hubaki. Kopo la praima lililoachwa dukani hulipwa kwa kopo la pili la rangi ya juu. Kati ya tabaka na tabaka, uso usuguliwe kidogo kwa msasa mlaini wa namba 240 au 320, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu msasa juu ya rangi mpya ni jambo moja, na msasa juu ya rangi kuukuu ni jambo jingine, tena la hatari. Kwa muda wa karne nyingi weupe wa rangi ulitoka katika madini ya risasi. Ubaya wake ulijulikana mapema: katika mwaka wa 1921 Mkutano wa Kazi wa Mataifa huko Geneva ulifanya mapatano ya kukataza weupe wa risasi katika rangi za ndani ya majengo, isipokuwa katika mambo machache. Weupe wa titani, usio na sumu hiyo, ulianza kutengenezwa kwa biashara katika Norway na Marekani mwaka wa 1916, nao ndio ulioshinda. Lakini risasi haikutoweka kwa sababu hiyo. Iliendelea kutumika katika rangi za manjano, za machungwa, nyekundu na kijani, na katika dawa za kuharakisha kukauka. Marekani iliikataza katika rangi za nyumba mwaka wa 1978 tu, na nchi nyingine nyingi zilikawia zaidi. Kwa hiyo nyumba ya zamani, hasa yenye milango ya rangi kali, idhaniwe kuwa ina risasi mpaka ithibitike sivyo.

Vumbi la rangi hiyo likiingia kinywani au mapafuni mwa mtoto huharibu ubongo unaokua. Mtoto haonekani mgonjwa. Hupungukiwa akili ya kujifunza, na mwalimu humwita mvivu. Shirika la Afya la Ulimwengu limesema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Twawaomba basi walimu wasiwape wanafunzi msasa wakasugue milango ya zamani ya madarasa siku za usafi, jambo ambalo limezoeleka mahali pengi. Kazi hiyo ifanywe na watu wazima, shule ikiwa imefungwa. Rangi kuukuu ilowanishwe kwa maji na kusuguliwa kwa msasa wa maji, ili vumbi lisiruke. Isichomwe kwa moto, kwa kuwa moshi wake una sumu ile ile. Mabaki yaokotwe juu ya turubai, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu, na fundi anawe na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto wake. Ikiwa rangi kuukuu imeshika imara, haina nyufa wala haibanduki, mara nyingi ni heri kuiosha, kuisugua kidogo ikiwa mbichi kwa maji, na kuifunika kwa rangi mpya.

Na hiyo mpya itazamwe vile vile. Umoja wa Mataifa unazihimiza serikali ziweke mpaka wa sehemu 90 za risasi katika kila sehemu 1,000,000 za rangi iliyokauka. Mnunuzi asome kopo: atafute maneno ya kuwa haina risasi, na alama ya shirika la viwango la nchi yake. Kopo lisilo na jina la kiwanda wala alama yo yote, hata likiwa nusu ya bei, lisiingie katika nyumba ya watoto.

Kuhusu kiasi, chifu au mwenyekiti wa kamati aweza kufanya hesabu mwenyewe asije akaambiwa lo lote na mwenye duka. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 una mita za mraba 1.6 kila upande, nao una pande mbili. Tukiongeza kingo na miimo, tuseme 4.5. Milango 10 ni mita za mraba 45. Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika kadiri ya mita 12 za mraba kwa tabaka moja juu ya ubao uliozibwa vema. Kwa tabaka mbili za juu yatakiwa lita 7.5, yaani makopo 2 ya lita 4, na kwa rangi ya kwanza kopo 1. Fundi akiomba makopo 6, aulizwe mengine yatakwenda wapi. Na akimaliza kwa kopo 1 tu, vile vile aulizwe alizimua kwa nini. Tumepata kuona rangi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ili itoshe. Ilikauka kwa shida, ikawa na mabaka yasiyong'aa.

Brashi bora za rangi ya mafuta tangu zamani hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, kwa kuwa ncha ya kila unywele hugawanyika na kushika rangi nyingi. Kwa msikiti, au kwa mtu asiyependa kuzishika, ziko za nyuzi za nailoni na mfano wake, ambazo pia ndizo zifaazo kwa rangi ya maji, maana nywele za mnyama hunywa maji zikalegea. Upana wa inchi 2 hutosha kwa milango, na inchi 1 kwa fremu za madirisha.

Siku ya kazi, sakafu inyunyizwe maji ili vumbi litulie, na vitasa vifunguliwe. Rangi ikorogwe mpaka chini, ichujwe kwa kitambaa chembamba, na kiasi kidogo kimiminwe katika chombo kingine. Mlango wenye vibao uanzwe kwa vibao vya ndani, kisha mbao za kukingama, mwisho zile za kusimama. Fundi apake sehemu ndogo, aisambaze, kisha apitishe ncha ya brashi polepole kufuata nyuzi za mti, mara moja, asirudi tena. Kazi ianze asubuhi baada ya umande kuondoka, jua lisipopiga mlangoni, na imalizike mapema alasiri. Unyevu wa usiku ukiikuta rangi ya mafuta ingali mbichi, mng'ao wake hupauka. Usiku wa kwanza mlango uachwe wazi, umezuiliwa kwa kigingi.

Tena matambara yaliyofutia rangi ya mafuta, au zaidi mafuta ya kitani, yasikunjwe na kutupwa pembeni mwa stoo. Yale mafuta yavutapo hewa hutoa joto. Mlangoni joto hilo hutawanyika, lakini ndani ya rundo la nguo hujikusanya, na rundo huweza kuwaka lenyewe saa kadha baadaye, watu wakiwa wamelala. Yatandazwe nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu, au yazamishwe katika debe la maji lenye kifuniko.